Kazi Aliyopewa Adamu Bustanini

Masomo: Mwanzo 2:15-20, 1 Wafalme 4:29-34, Ayubu 38 na 39



Kabla Biblia haijamtaja mfalme, kuhani au mfanyabiashara, inamtaja mtu aliyepewa kazi bustanini. Sura ya pili ya Mwanzo inatuambia kwamba Bwana Mungu alimweka Adamu katika Edeni ailime na kuitunza. Mistari michache baadaye anapewa kazi ya pili: Mungu anawaleta kwake wanyama wa mwituni na ndege wa angani, apate kuona atawaitaje. Tumelisoma neno hili tangu shule ya Jumapili, na kwa vile tumelizoea tunalipita mbio. Leo naomba tusimame hapo kidogo. Mwenyezi Mungu aliyewaumba viumbe wote angeweza kumkabidhi Adamu orodha ya majina yaliyokwisha kuandikwa. Badala yake alimletea wanyama, kisha akangoja. Ili kumpa mnyama jina linalomfaa, Adamu alilazimika kumtazama vizuri: anatembeaje, analiaje, anakula nini, anaishi na nani. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti wa viumbe hai. Ilikuwapo duniani kabla ya dhambi, kabla ya miiba na jasho la uso.

Nalisema hili kwa sababu katika nyumba zetu wamo watoto wenye ndoto wanayoona haya kuitaja. Tukiwauliza mbele ya usharika wanataka kuwa nani, wengi watajibu daktari, rubani, mwanasheria, mhasibu. Ni kazi njema na tunazihitaji. Lakini yumo pia binti anayeweza kuchutama saa nzima kando ya kichuguu akiwatazama mchwa, na yumo kijana anayewajua ndege wote wa bondeni kwao kwa milio yao tu. Ukimuuliza huyo kwa upole, mkiwa wawili, atakuambia angetamani kuishi msituni au baharini, azunguke na daftari na darubini, ajue viumbe wanaishije. Mara nyingi ndoto hiyo huzimwa kwa sentensi moja ya mzazi: "Hiyo nayo ni kazi?"

Tafakari ya juma hili ni jibu langu kwa swali hilo. Ndiyo, ni kazi. Ni miongoni mwa za kwanza tulizopewa, na anayeitiwa kazi hiyo ameitwa na Mungu yule yule anayemwita mwalimu na muuguzi.

Mfano wa karibu tunao hapa hapa nchini Tanzania. Tarehe 1 Oktoba 2025 alifariki Jane Goodall, akiwa na umri wa miaka 91. Wengi wetu tunamkumbuka kwa picha zake, mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe, akiwa karibu na sokwe wa Gombe mkoani Kigoma. Kabla ya Gombe, hata hivyo, palikuwa na nyumba na mzazi, na huko ndiko ninakotaka tuanzie.

Jane alizaliwa London tarehe 3 Aprili 1934. Alipokuwa na umri wa miaka kama minne, walikwenda kutembelea shamba, akapewa kazi ya kuokota mayai. Akawauliza wakubwa: kuku ana tundu gani la kutosha yai kupita? Hakuna aliyemjibu akaridhika. Basi mtoto yule akaingia ndani ya banda la kuku, akajificha kwenye majani makavu, akakaa kimya kwa saa kadhaa mpaka kuku akaja, akatulia, akataga. Nje watu walikuwa wamehangaika kumtafuta, hata polisi walikwisha kuitwa. Jioni alitokea mbio, nguo na nywele zimejaa majani. Hebu jiulize, mzazi mwenzangu, wewe ungeanza na nini? Mama yake, Vanne, aliyaona macho ya mtoto yanavyong'aa, akaketi, akasikiliza habari yote ya jinsi yai linavyotoka. Jane aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni. Aliamini kwamba mama mwingine angeweza kuiua hamu yake ya kujua siku ile ile ilipozaliwa.

Alipofika miaka kumi alikuwa akisema wazi kwamba atakwenda Afrika, ataishi na wanyama wa porini na kuandika vitabu kuwahusu. Watu walimcheka. Ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia haikuwa na fedha, na yeye alikuwa msichana. Alilelewa nyumbani kwa bibi yake, mjane wa mchungaji, na katika nyumba ile mama yake hakumcheka. Alimwambia kwamba akilitaka jambo hilo kweli itambidi afanye kazi kwa bidii, aitumie kila nafasi itakayojitokeza, wala asikate tamaa. Fedha za chuo kikuu hazikuwapo, akasomea ukatibu muhtasi. Kisha akapata mwaliko wa kwenda Kenya, akarudi nyumbani na kufanya kazi ya kuhudumia mezani hotelini ili apate nauli ya meli. Mwaka 1957 akasafiri. Jijini Nairobi alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ambaye naye alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kianglikana aliyezaliwa Kabete. Leakey alimpa kazi ya ukatibu, akampima uvumilivu wake, na hatimaye akamtafutia fedha za kukaa miezi sita na sokwe kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika.

Hapo likatokea kikwazo. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika haikukubali msichana akae porini peke yake. Ndipo Vanne alipofunga mizigo akaenda na binti yake. Walifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Mama yule hakuwa mtaalamu wa sokwe, lakini hakukaa bure kambini. Alifungua zahanati ndogo, akawapa wavuvi na familia zao dawa za kawaida na kuwafunga vidonda. Ujirani mwema uliojengeka pale ulimsaidia Jane kwa miaka mingi. Wazazi wanaosoma tafakari hii wakumbuke: ndoto ya mtoto ilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mama mwenye sanduku la dawa.

Vijana sasa wasikilize sehemu inayofuata, kwa maana ndoto ya kazi hii hupambwa sana na picha za televisheni. Miezi ya kwanza ya Jane Gombe haikuwa na utukufu wowote. Sokwe walimkimbia angali mbali, ng'ambo ya bonde. Yeye na mama yake waliugua malaria kambini, hawana daktari. Fedha za miezi sita zilikuwa zinakwisha. Alichofanya ni kuamka kabla ya mapambazuko, kupanda kilima, kuketi mahali pamoja pa wazi na darubini yake, akavaa nguo za rangi moja isiyotisha, asijaribu kuwasogelea kwa nguvu. Aliwaacha wamzoee. Sokwe dume mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyempa jina la David Greybeard, akawa wa kwanza kuacha kumwogopa.

Novemba 1960 alimwona David amechutama kwenye kichuguu. Sokwe yule alichuma bua la nyasi, akaliingiza polepole katika tundu la kichuguu, akatulia kidogo, kisha akalitoa kwa uangalifu. Mchwa walikuwa wameling'ata bua, wamening'inia. Akawachukua kwa midomo, akatafuna, akalirudisha bua tunduni. Bua lilipopinda, alitafuta jingine. Baadaye Jane aliona pia sokwe wakichuma kijiti chenye majani na kuyapukutisha majani yote mpaka kijiti kikafaa kwa kazi hiyo. Wataalamu wa wakati ule walifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Binti asiye na shahada, aliyekubali kukaa kimya mahali pamoja, alikuwa ameona jambo lililowalazimu kuandika upya walichokuwa wakikifundisha.

Alipopelekwa Cambridge mwaka 1962 kusomea shahada ya uzamivu, bila kuwa na shahada ya kwanza, aliambiwa amekosea. Kosa lake lilikuwa kuwapa sokwe majina. Mtafiti wa kweli, walisema, huwapa wanyama namba, asije akawapenda. Jane hakubadilika. Aliendelea kuwaita David, Flo, Fifi, Goliath, na kuandika kwamba kila mmoja ana tabia yake, huyu mpole na yule mkali, na kwamba wanahuzunika na kufarijiana. Leo watafiti wengi wanakubali kwamba kumjua mnyama mmoja mmoja kunaongeza elimu. Mimi nasoma habari hii nikiwa na Mwanzo mkononi, nikimwona Adamu anavyotoa majina. Nakumbuka pia Yohana 10, ambako Bwana wetu anasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Kumjua kiumbe kwa jina lake ni mwanzo wa kumtunza, na kinachoitwa kwa namba tu ni rahisi kukitupa.

Najua wapo wapendwa watakaouliza: je, habari hizi za sokwe kufanana nasi hazivunji imani? Nawaomba wafungue tena Mwanzo 2. Mstari wa saba unasema mtu aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi. Mstari wa kumi na tisa unasema wanyama nao waliumbwa kutoka ardhini. Udongo ni ule ule na Mfinyanzi ni yule yule. Heshima yetu haikutokana na kuwa mbali na viumbe wengine. Ilitokana na pumzi tuliyopuliziwa na kazi tuliyokabidhiwa. Mtu anayemtazama sokwe akaona mkono unaofanana na wake, mama anayembeba mtoto mgongoni, ndugu wanaosafishana manyoya, hajapoteza chochote cha imani. Ameona jinsi Muumba alivyo mkarimu.

Wala tusidhani kwamba kanisa na uchunguzi wa viumbe ni maadui wa tangu zamani. Sheria za urithi ambazo watoto wetu wanazisoma katika baiolojia ziligunduliwa na mtawa, Gregor Mendel, katika bustani ya nyumba yao ya kitawa huko Brno. Kwa miaka kadhaa alipanda njegere, akahesabu maua na mbegu, akaandika. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866. Alifanya kazi hiyo akiwa mtu wa sala.

Rudi nyuma zaidi, kwa Mfalme Sulemani. Tunapoitaja hekima yake tunakimbilia hukumu ya wale wanawake wawili na mtoto. Lakini 1 Wafalme 4 inaeleza hekima hiyo kwa njia nyingine: Sulemani alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo inayoota ukutani, na habari za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Mfalme mwenye majeshi na dhahabu alipata muda wa kuutazama mmea mdogo uliojiotea katika ufa wa ukuta. Na mataifa walikuja kusikiliza hekima hiyo. Biblia haioni haya kuihesabu elimu ya viumbe kuwa sehemu ya hekima itokayo kwa Mungu.

Kisha yupo Ayubu. Amepoteza watoto, mali na afya, anataka jibu. Mungu anapojibu katika tufani, anamtembeza porini. Anamuuliza kama anajua majira ambayo mbuzi mwitu wa majabalini huzaa. Anamwonyesha punda mwitu asiyetii kelele za mwenye kumwendesha, mbuni akiyaacha mayai yake mchangani, tai ajengaye kiota juu ya genge. Sehemu kubwa ya sura ya 39 ni ya viumbe ambavyo Ayubu hakuvifuga, hakuvila wala hakuvitumia. Mungu anavijua vyote, na anavifurahia. Nimekwisha kukaa na wafiwa wengi, na nimeshuhudia kwamba maneno yetu mengi huwa mazito kwao. Ayubu alitulizwa kwa kuonyeshwa kwamba dunia ni pana kuliko maumivu yake na kwamba mwenye dunia hiyo hajalala. Mtafiti anayekesha majabalini kuona mbuzi mwitu anazaa lini anayatazama mambo yale yale ambayo Mungu alimwonyesha mtu aliyevunjika moyo.

Sasa nirudi Gombe, maana kuna sehemu ya habari ile ambayo sisi Waswahili hatuisemi vya kutosha. Wengi wanaamini kwamba kuchunguza wanyama porini ni kazi ya Wazungu. Lakini Gombe ilionyesha vinginevyo. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka nchi iliyoitwa Zaire, wakaivamia kambi usiku, wakawateka vijana wanne wa kigeni. Baadaye mateka wote waliachiliwa, lakini kwa muda mrefu wanafunzi kutoka nje hawakuruhusiwa tena kuishi pale. Utafiti ungeweza kufa mwaka ule. Haukufa kwa sababu wapo Watanzania waliokwisha kujifunza kazi, wengi wao kutoka vijiji vya jirani, wana wa wakulima na wavuvi. Watu kama Hilali Matama na Eslom Mpongo waliendelea kupanda milima ile asubuhi baada ya asubuhi.

Fikiri kazi yenyewe ilivyo. Sokwe hujitengenezea kitanda cha matawi juu ya mti kila jioni. Wasaidizi wa utafiti huondoka kambini kabla ya jua kuchomoza ili wamkute sokwe waliyemchagua angali kitandani kwake. Akishuka, wanamfuata. Akipita kwenye miiba, wanatambaa. Wanaandika yuko wapi, yuko na nani, anakula tunda gani, kwa muda gani, amegombana na nani, nani amemsafisha manyoya. Hawamwachi mpaka atakapotengeneza kitanda kingine jioni, ndipo wanarudi gizani. Na daftari zao waliziandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu za Gombe, ambazo ni miongoni mwa kumbukumbu za muda mrefu zaidi duniani kuhusu mnyama wa porini, kwa sehemu kubwa ziliandikwa kwanza kwa lugha hii tunayosalia, kisha zikatafsiriwa kwa ajili ya vyuo vikuu vya ng'ambo. Baba atakayemwambia mwanawe kwamba kazi hii si ya watu wetu amechelewa miaka hamsini.

Kijana mwenye ndoto hii anahitaji zaidi ya kutiwa moyo, anahitaji kuonyeshwa njia. Tunacho Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kilichokwisha kuwafundisha wahifadhi wa nchi nyingi za bara hili. Ipo Taasisi ya Mafunzo ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza. Kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, na chuo cha ufugaji nyuki kule Tabora. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada za wanyamapori, mimea, wadudu na viumbe wa majini. Serikali ina taasisi za utafiti wa wanyamapori na wa uvuvi. Kwa hiyo, mwanangu, shika sana baiolojia, kemia na jiografia, wala usiikimbie hesabu, maana mtafiti asiyejua takwimu huona mengi akashindwa kuyathibitisha.

Nisikufiche ugumu wake pia. Nafasi za ajira si nyingi, na wengine husubiri muda mrefu. Utakuwa mbali na nyumbani sikukuu zinapofika. Utalowa mvua, utaumwa na mbung'o, na siku nyingi utarudi kambini hujaona ulichokifuata. Utafiti una siku nyingi za kungoja na chache za kuona. Ukimwomba Mungu akupe kazi hii, mwombe na saburi, kwa kuwa bila saburi utaichukia ndani ya mwaka mmoja. Lakini kama kukaa kimya na kutazama ndiko kunakokupa furaha, usiipuuze furaha hiyo. Mara nyingi Mungu huandika wito wa mtu katika kile anachoweza kukifanya muda mrefu bila kuchoka.

Kazi ya Adamu ilikuwa na neno la pili, kutunza, na neno hilo lilimfuata Jane pia. Mwaka 1986 alihudhuria mkutano wa watafiti wa sokwe huko Chicago, akasikia jinsi misitu ya Afrika inavyokatwa na sokwe wanavyopungua. Aliingia akiwa mtafiti, akatoka akiwa mtetezi. Baadaye aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona kisiwa cha msitu kilichozungukwa na vilima vilivyobaki uchi, miti imekatwa, udongo unateremkia ziwani. Akaelewa kwamba hataweza kuwaokoa sokwe ikiwa majirani zao wana njaa. Mpango wake wa TACARE ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vya Kigoma ulianzia kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanahitaji nini, nao wakataja chakula, afya na elimu ya watoto. Miti ikaja pamoja na hayo. Mungu aliyesema bustani itunzwe ndiye aliyesema ilimwe, na watu waishi. Uhifadhi unaomsahau mwenye jembe haumpendezi, na jembe linalomaliza msitu wote halimpendezi pia.

Tusio watafiti tumebaki na sehemu gani? Bwana Yesu aliwaamuru wanafunzi wake wawaangalie ndege na wayafikiri maua ya shambani. Tumezoea kuichukua amri hiyo kama faraja kwa wenye wasiwasi wa chakula na mavazi, na ni kweli. Lakini kabla ya kuwa faraja, ni agizo la kutazama. Aliyesema hivyo alitarajia kwamba tumewahi kumwangalia ndege.

Basi Jumapili hii, ibada ikiisha, mwangalie mnana katika mti wowote wa karibu wenye viota vyao. Utamwona dume wa manjano akikata kwa mdomo ukanda mwembamba wa jani la mnazi au la nyasi ndefu, akiruka nao. Anaufunga kwenye tawi kwa mdomo na mguu, anaupitisha chini na juu mpaka pete ya kwanza inapatikana, kisha anafuma kuta akiwa ndani yake. Kiota kikiisha, anabembea mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa, anamwita jike. Jike huja, huingia, hukagua. Asiporidhika huondoka. Na dume, kiota kikikaa bila kupata mwenyeji mpaka majani yakakauka, hukifumua mwenyewe na kuanza kufuma kingine. Ndege huyo amekuwa akifanya hayo juu ya vichwa vyetu miaka yote tuliyokuwa tukitoka kanisani na kukimbilia kituo cha daladala. Zaburi ya 104 inavitaja viumbe vya namna hiyo kimoja kimoja, inatoka kwa punda mwitu na korongo na kufika kwa samaki wasiohesabika, kwa sababu mtunzi wake alikuwa amevitazama. Sifa zetu zina maneno machache kwa vile tunatazama machache.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa juma hili. Ombi la kwanza ni kwa wazazi na walezi. Mtoto akikujia na mdudu mkononi na swali mdomoni, keti umsikilize mpaka amalize, hata kama hujui jibu. Ukiwa na uwezo, mnunulie daftari aandike anachokiona. Daftari ya watoto haina gharama kubwa, na huwezi kujua Mungu ataijaza nini.

La pili ni kwa walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vijana. Watoeni watoto nje ya ukumbi angalau mara moja mwezi huu. Wasome Mwanzo 2 chini ya mti, kisha kila mmoja achague kiumbe kimoja, akitazame kwa dakika kumi na aje aeleze alichoona. Harakati ya vijana ya Roots & Shoots, iliyoenea sasa katika nchi nyingi, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi kumi na wawili wa sekondari waliokutana barazani kwa Jane Goodall. Usharika wetu una watoto wengi zaidi ya hao.

La tatu ni kwako kijana uliyeificha ndoto hii kwa kuogopa kuchekwa. Itaje. Mwambie mzazi wako, na ukishindwa, njoo ofisini kwa mchungaji tukae pamoja tutafute chuo, masomo na njia ya ada. Kanisa limesomesha wauguzi na walimu kwa miaka mingi, na tufanye vivyo hivyo kwa anayetaka kusomea misitu, samaki, nyuki au sokwe. Kazi aliyopewa Adamu haijafutwa, na wafanyakazi bado ni wachache.